Sumaku ya elektroni yatoka wapi: pete, tufe au nukta?

Jahazi_Shela: Asalaam aleikum. Mpwa wangu kaniuliza swali likanikwama: elektroni ina sumaku, na ndani yake hamna waya, basi sumaku yatoka wapi? Nimekuta majibu matatu: pete ya umeme, tufe linalojizungusha, na nukta isiyo na ndani. Nimpe lipi?

Fundi_Koili (Malindi): Waaleikum salaam. Mimi nasuka mota za pampu, kwa hiyo kura yangu ni pete. Umeme ukizunguka, sumaku inapatikana. Na si maneno ya barazani: Alfred Parson alisema hivyo mwaka 1915, kwamba elektroni yenyewe ni pete ya chaji inayozunguka.

Mwl_Langoni: Pete tamu, fundi, ila hesabu yaikataa. Chaji na tungamo vikizunguka pamoja kwenye pete, uwiano wa sumaku na mzunguko hutoka 1. Elektroni ikipimwa hutoa 2.0023. Mlinganyo wa mwanafizikia Dirac wa 1928, ulioichukua elektroni kama nukta, ulitoa 2 bila pete yoyote, na kile kisalio cha 0.0023 mwanafizikia Schwinger akakikokotoa miaka ishirini baadaye. Tufe ndiyo usiseme: mwanafizikia Lorentz alipiga hesabu akaona uso wake ungelazimika kuushinda mwanga mbio.

Fundi_Koili: Kwa hiyo kitu kisicho na ndani kina sumaku? Mwalimu, huo sasa uchawi.

Mwl_Langoni: Haushikiki, nakubali. Lakini elektroni zimegonganishwa sana na ukubwa wake haujaonekana.

Binti_Matondoni: Shikamooni. Mwang'ang'ania elektroni, na uhondo uko kwenye nyutroni! Chaji yake sifuri, ingefaa isiwe na sumaku kabisa. Inayo: -1.91, na alama ya kutoa maana yake sumaku imeelekea kinyume na mzunguko. Hapa napima nguvu ya sumaku yenyewe kwa kipimo kiitwacho magnetoni ya nyuklia, si ule uwiano wa mwalimu. Protoni, ambayo kama ingekuwa nukta ya Dirac ingepata 1, ina 2.79, Otto Stern na wenzake walianza kuliona hilo 1933. Hapo ndipo mtu anajua ndani mna wakazi. Wakazi hao ni chembe ziitwazo kwaki. Nyutroni ina kwaki moja yenye chaji ya +2/3 na mbili za -1/3: chaji zinafutana, sumaku hazifutani. Mpango huo mwepesi wa kwaki unasema sumaku ya nyutroni ikigawanywa kwa ya protoni ni -0.67. Vipimo vyasema -0.68.

Jahazi_Shela: Marahaba. Sasa hapo nimepata la kumwambia.

Fundi_Koili: Ngoja kwanza. Na hizo kwaki, sumaku yao yatoka wapi?

Binti_Matondoni: Nukta tena, fundi. Niwie radhi.