Wajukuu wa Bibi, Masomo ya Nyumbani

Mama Upendo 20:14: Jamani habari za jioni. Muhula unaanza jumatatu na mpaka sasa hatujachagua mchoraji, nimeuliza tangu ijumaa mmesoma wote kimya. Mchoraji mmoja muhula mzima, picha sita basi. Tusichanganye tena kama mwaka jana, watoto walitoka hawamjui hata mmoja

Mama Upendo 20:17: Mimi nasema Van Gogh. Ana picha ya Alizeti ya 1888 na ana picha ya Wala Viazi ya 1885, familia imezunguka meza usiku taa ni moja tu, mikono imekomaa kwa kulima. Watoto wetu wanachimba viazi wenyewe, ile picha hawahitaji kuelezwa

Baba Ezra 20:31: yule aliyejikata sikio?

Anko Beni 20:31: 😂😂 ficheni wembe

Mama Upendo 20:33: Baba Ezra mtoto wa miaka sita haambiwi habari za sikio. Anapewa picha anaitazama kimya dakika tatu nne, unaifunika, anakusimulia alichokiona. Maisha ya mchoraji atayasoma akikua

Mama Tusa 20:40: Shikamoo dada. Huku Mbeya netiweki inakatakata. Mi naona tuanze na wa kwetu, Tingatinga kazaliwa Tunduru, kusini hukuhuku, ameanza 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, vitu ambavyo hata Tusa akitaka kujaribu fundi wa dari anatupa mabaki bure

Mama Upendo 20:44: Marahaba mdogo wangu. Simkatai. Ila yeye kachora miaka minne tu akafariki 1972, picha zinazouzwa leo karibu zote ni za waliomfuata. Nataka wamjue mtu, sio mtindo

Baba Ezra 20:45: na kafa kwa risasi ya polisi walimfananisha, hiyo nayo tutawaambia?

Mama Upendo 20:45: Nimeshajibu hilo hapo juu

Dada Vero 20:52: Sam Ntiro je? Wa Kilimanjaro, kazaliwa 1923, anachora kijiji, migomba, watu wakifanya kazi pamoja, mtoto anapata mengi ya kusimulia. Kuna moja ya 1956 wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ipo jumba la sanaa New York

Anko Beni 20:53: huku ungekuwa ulanzi

Baba Ezra 20:53: na usingefika kwa bibi harusi

Anko Beni 20:54: ungeishia njiani pale Ipogolo 😂😂

Mama Upendo 20:58: Naomba turudi kwenye mada. Nani anaprinti? Picha sita za rangi familia tano ni karatasi thelathini. Na sikutaka kusema ila muhula uliopita nilitoa hela yangu na wawili hawajarudisha mpaka leo, wanajijua

Baba Ezra 21:02: Hilo tuliongea kwenye msiba likaisha

Mama Upendo 21:02: Tuliongea, halikuisha

Baba Ezra 21:03: Basi na gari la ile safari ya Isimila nani alilipa

Mama Upendo 21:03: Usilete ya Isimila hapa

Dada Vero 21:04: jamani mama yumo humu

Bibi 21:26: Kamwene wanangu. Nimesoma yote. Huyo wa viazi na huyo wa pombe sawa, lakini watoto mmewafikisha Igeleke? Kwenye ule mwamba kuna michoro myekundu, mimi niliiona tukienda kuni na mama yangu, nikamuuliza nani kachora akasema waliotutangulia. Sikujua kusoma lakini ile naikumbuka mpaka leo. Nyie mko Iringa hapahapa na hakuna hata mmoja aliyewapeleka wajukuu zangu. Na mwamba hauna hela ya kuprinti ya kugombania.

Anko Beni 22:10: Shikamoo mama

Dada Vero 22:15: Shikamoo mama, tumesikia

Mama Upendo 05:48: Shikamoo mama. Kweli hilo ni kosa letu. Jumamosi saa mbili asubuhi tunaenda Igeleke. Mtoto yeyote asiguse mwamba na asimwagie maji ili rangi ikolee, maji ndiyo yanayoiharibu. Watazame tu, wakirudi nyumbani wasimulie. Jumatatu naanza na Wala Viazi na Alizeti, hizo nne zilizobaki tutaona

Mama Tusa 07:20: kwa hiyo Tingatinga ndio basi?

Dada Vero 07:31: jumamosi si kuna kikao cha sendofu

Mama Josi 13:05: Samahani nilikuwa shamba Kilolo ndio naona. Mi mchoraji yeyote sawa, ila Josi ana homa tangu jana

Mama Upendo 13:06: Pole yake, mpeleke akapime

Baba Ezra 18:42: Nimetuma elfu nne, iliyobaki mwisho wa mwezi

Mama Upendo 18:50: Nimeiona, asante. Na gari la jumamosi?