Kilomita 48 bila maji ya uhakika njiani, nibebe lita ngapi?

nyayo_ndefu:
Habari wadau. Niko kwenye PCT, ile Pacific Crest Trail ya Marekani inayotoka mpaka wa Mexico mpaka Kanada, sasa nimefika kaskazini mwa California na mbele yangu ni Hat Creek Rim. Ni ukingo wa miamba ya volkano, kivuli cha maana hakuna, na karibu km 48 hakuna maji ya kutegemea kwenye njia yenyewe. Mchana joto linapita nyuzi 35. Nasikia kuna watu huwa wanaacha madumu ya maji katikati kwa ajili ya wapita njia. Plani yangu nibebe lita 4, nitoke saa 12 asubuhi nikate yote siku moja, na maji niwe nayabania ili yafike mwisho. Waliozoea ukame mnaonaje?

kiangazi_tu:
Mkuu lita 4 hapana kabisa. Piga hesabu, km 4 kwa saa ni saa 12 za kutembea tu, kupumzika bado. Joto la wastani mtu anakunywa kama nusu lita kwa saa, jua likiwaka na una mzigo unapanda inakaribia lita nzima, kwa hiyo hata ukiwa sio mnywaji anza na 6, na kama utalala huko ongeza. Najua ni kilo 6 mgongoni na zinauma, ila zinapungua kila unavyokunywa.

Madumu yahesabu kama hayapo. Hata chama kinachoshughulikia njia hiyo kinawaambia watu wasiyategemee, maana ukiyakuta matupu uko katikati na kila upande umebaki mbali.

Halafu badilisha muda. Usitoke asubuhi, toka jioni. Kaa kwenye chanzo cha mwisho mchana wote, kunywa taratibu mpaka mkojo uwe mweupe, pika na kula hapohapo, jaza chupa, saa 11 jioni anza. Kata km 15 hivi ulale, amka saa 10 usiku utembee na taa, mpaka saa 5 asubuhi umebakiza kama km 5 tu. Jua kali linakukuta unamaliza, sio unaanza.

binti_nyika:
Naunga mkono hapo juu, ila kaka mimi kilichonitisha ni hilo neno "kuyabania". Usifanye hivyo tafadhali. Miaka ya 1940 mwanasayansi Edward Adolph na wenzake waliwapima wanajeshi kwenye jangwa la California, wakaona mtu aliyenyimwa maji anatoka jasho karibu sawa na aliyekunywa, yani mwili haukusaidii kubana chochote. Wakaona pia kwamba kwenye joto watu wanakunywa pungufu ya jasho linalotoka hata maji yakiwa mkononi. Kunywa ukisikia kiu, cha kubania ni jasho: mwendo wa pole, shati jepesi la mikono mirefu, kofia pana, mwavuli kama unao, na saa za jua kali ulale chini ya chochote chenye kivuli.

Na chumvi usisahau. Ukishindilia maji matupu lita juu ya lita, sodiamu kwenye damu inashuka, kichwa kinauma, kichefuchefu, mtu anachanganyikiwa, na wenzake wakidhani ni kiu wanazidi kumnywesha. Beba ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na vitu vya chumvi vya kutafuna.

nyayo_ndefu:
Asanteni sana, natoka jioni na lita 6 na nusu. Je nikikuta bwawa la ng'ombe pembeni? Nina filta ile ya nyuzi.

chujio:
Filta hiyo inazuia bakteria na giardia (vimelea vya kuharisha), virusi na kemikali zinapita. Tope liache litulie kwanza, pitisha kwenye kitambaa ndo uchuje, la sivyo itaziba na ukose hata kidogo ulichotegemea. Ukiona utando wa kijani au bluu juu ya maji usinywe, sumu ile haitoki kwa kuchuja wala kuchemsha.

Ila maji mabaya ya kunywa bado yanafaa kumwagia mwili. Ukikutana na mtu huko anaongea visivyoeleweka, anayumba, mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto, usihangaike kumnywesha. Mlaze kivulini, mlowanishe mwili mzima hata kwa hayo ya bwawa, mpepee bila kuacha na ita msaada hapohapo.

kiangazi_tu:
Na weka alama ya kugeuka kabla hujatoka. Ukifika km 16 ukakuta nusu ya maji imeisha, rudi kwenye chanzo usiku huohuo ujaribu tena jioni inayofuata.