Nyama mbichi na matone ya homeopathia kwa mbwa na paka: daktari ana haki ya kukataa?

Mfupa Mbichi:
Wakuu, tujadili bila matusi kama inawezekana. Nina mbwa wawili na paka mmoja, na huu ni mwaka wa tatu sijafungua pakiti ya chakula cha wanyama. Wanakula nyama mbichi, mifupa mibichi na ini kidogo. Wakiugua naanza na homeopathia, yaani matone ya dawa iliyozimuliwa mara nyingi, antibiotiki ni mpaka nikwame. Mbwa asili yake ni mbwa mwitu, na mbwa mwitu hana jiko wala kiwanda. Juzi daktari wa wanyama alikagua meno ya mmoja wao akayasifu, akauliza anakula nini. Nilipomwambia sura ikabadilika pale pale, kama vile nimekiri wizi. Sasa nauliza: ana haki gani ya kumkatalia mwenye mnyama njia ya asili? Na madaktari wenzake wanaotoa homeopathia, waachwe au wazuiwe?

Binti Nyau:
Miaka mitatu na hawajafa, basi utafiti umekamilika, tufunge mjadala.
Mimi nakuuliza la paka tu. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kumtosha, kirutubisho cha kwenye nyama, lazima aile. Ikikosekana moyo unatanuka na kulegea, na nyuma ya jicho kunaharibika taratibu mpaka anapofuka. Imejaa kwenye moyo wa mnyama anayeliwa, na ukichemsha nyama ukamwaga mchuzi umeimwaga nayo. Paka wako anapata moyo, au anaokota masalio ya mbwa? Hilo ndilo la kujibu. Habari za mbwa mwitu ni porojo.

Mfupa Mbichi:
Porojo? Dada, nimeomba tusitukanane na wewe ni wa kwanza kuchangia. Mwaka 2007 huko Marekani mbwa na paka walikufa figo kwa chakula cha pakiti kilichotiwa melamini. Ile nayo ilikuwa porojo? Melamini ni ya kutengenezea sahani! Halafu mnaniambia mfupa ndio hatari.

Binti Nyau:
Sijataja mfupa popote. Nimeuliza moyo.

Tabibu wa Zizi:
Mimi ni daktari wa wanyama, na sura yangu nayo ingebadilika. Sina ugomvi na ubichi wenyewe, nina ugomvi na nyama tupu. Nyama bila mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, na mtoto wa mbwa anayelishwa hivyo mwili unaanza kula mifupa yake mwenyewe. Nimeona miguu iliyovunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Mleta mada anatoa na mifupa, kwa hiyo hapo yuko mbele ya wengi. Lakini ini likizidi, vitamini A inazidi, na paka shingo inakakamaa. Halafu kuna salmonela, bakteria wa kuharisha. Mbwa anaweza asiugue kabisa huku anaitoa kwenye kinyesi, kisha anakuja kumlamba mtoto wako mdomoni. Na msijidanganye na friza, kugandisha hakuiui.
Homeopathia ni jambo jingine kabisa. Sijui kwa nini kila siku vinakuja vimefungwa fundo moja.

Pilipili Manga:
Vinafungwa pamoja kwa sababu neno "asili" ni kamba ndefu. Hata kitunguu ni cha asili, mpe mbwa uone damu yake inavyoharibika.

Kamusi Inayotembea:
Samahani, kuna kosa hapo juu limepita kimya kimya. Mbwa mwitu SI babu wa mbwa. Mbwa mwitu ni yule wa Afrika mwenye mabaka na masikio ya duara, Lycaon pictus. Ana vidole vinne kila mguu, wakati mbwa wa nyumbani ana cha tano mguu wa mbele. Hata kuzaliana hawawezi. Babu wa mbwa ni Canis lupus wa nchi za baridi.

Mzee Hoja:
Kijana, Biblia ya Kiswahili inasema nani anakuja amevaa mavazi ya kondoo? Mbwa-mwitu. Na aliyekusudiwa ni huyo huyo Canis wako. Lugha ni ya wasemaji, haimilikiwi na wapima vidole.

Kamusi Inayotembea:
Mzee wangu shikamoo. Mtafsiri alitafuta jina la karibu kwa sababu mnyama hakuwepo kwa wasomaji wake. Hilo haligeuzi damu.

Mfupa Mbichi:
Jamani, nilimaanisha yule wa kijivu. Turudi kwenye mada.

Mzee Hoja:
Turudi baada ya mimi kujibiwa. Kama jina la karibu linatosha kwa Injili, kwa nini lisitoshe kwa nyama ya mbwa?

Pilipili Manga:
Nyama ya mbwa au nyama ya kumpa mbwa? Kamusi, njoo huku kuna kazi.

Tabibu wa Zizi:
Hata mkikubaliana jina, hoja ya babu haifiki mbali. Utafiti wa mwaka 2013 ulikuta Canis lupus kwa kawaida ana nakala 2 za jeni ya kumeng'enya wanga, mbwa ana kuanzia 4 hadi 30. Mbwa amekaa na binadamu mpaka tumbo limebadilika. Paka hajabadilika hivyo, yeye bado ni wa nyama, ndiyo maana swali la Binti Nyau ni zito kuliko lote lililoandikwa hapa na bado halijajibiwa.

Mfupa Mbichi:
Nitalijibu. Lakini tuongelee dharau kwanza. Mbwa wangu mkubwa alikuwa anajikuna mpaka damu. Nimempa matone ya homeopathia wiki tatu, amepona. Mbwa hajui kusoma lebo wala hana imani na daktari. Akipona, imani ni ya nani?

Pilipili Manga:
Ya kwako! Nani aliyehesabu alijikuna mara ngapi? Mbwa alijaza fomu?

Tabibu wa Zizi:
Pilipili anachekesha, lakini ndivyo ilivyo. Mwasho hupanda na kushuka wenyewe. Unampa dawa siku ulizochoka zaidi, yaani siku ugonjwa uko kileleni, na baada ya hapo ungeshuka hata ungemwimbia. Chupa yako imeandikwa 30C? Maana yake tone moja kwenye matone mia, ukachukua tone la hapo ukalitia kwenye mia mengine, hivyo hivyo mara thelathini. Ni sehemu moja katika 1 yenye sifuri 60 nyuma yake. Ukishapita mara ya kumi na mbili, tegemeo la kukuta hata chembe moja ya kitu cha mwanzo limekwisha. Hahnemann, daktari wa Kijerumani, alipoanzisha haya mwaka 1796 watu walikuwa wanatolewa damu na kunyweshwa zebaki, kwa hiyo maji yake yalikuwa afadhali. Zama zile.

Mzee Hoja:
Uingereza walishapiga marufuku. Nadhani ilikuwa 2015.

Tabibu wa Zizi:
Hawakupiga marufuku, na ilikuwa Novemba 2017. Royal College of Veterinary Surgeons, chombo kinachosimamia madaktari wa wanyama huko, walitoa tamko kwamba homeopathia haina ushahidi unaotambulika wala haikujengwa kwenye misingi thabiti ya sayansi, na isikae mahali pa tiba yenye ushahidi. Daktari hakufungwa mikono, aliambiwa asimcheleweshe mgonjwa.

Mama Simba:
Samahani kuwakatisha, mimi ni mgeni hapa. Paka wangu dume tangu jana usiku anaingia kwenye sanduku la mchanga kila baada ya dakika chache, anachuchumaa, analia, hatoi kitu. Nina Cantharis 30C, matone ya homeopathia, niliambiwa ni nzuri kwa mkojo. Nimpe matone mangapi?

Kamusi Inayotembea:
Mzee Hoja, nimerudi. Tukiita kila mnyama wa jamii hiyo "mbwa mwitu", yule mwenye mabaka tumwiteje? Yeye ndiye yuko hatarini kutoweka, na tumempa jina la jirani.

Mzee Hoja:
Mwite mwenye mabaka. Sioni tatizo.

Mfupa Mbichi:
Tabibu, "ungemwimbia" ni dharau. Nilijua tutafika huko. Nyinyi madaktari mnauza pakiti hizo hizo kwenye kaunta zenu halafu mnajiita sayansi.

Tabibu wa Zizi:
Siuzi pakiti. Na wala sina kaunta, nina zizi, jina langu linasema.

Binti Nyau:
ACHENI VIDOLE NA KAUNTA. Mmesoma aliyoandika Mama Simba? Dume, anasukuma, mkojo hautoki. Huyo ameziba! Mama, usimpe kitu, mbebe sasa hivi umpeleke.

Tabibu wa Zizi:
Nimepitwa, nisameheni. Mama Simba, hiyo ni dharura, si ya kungoja asubuhi. Mkojo ukiziba potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unasimama. Hana siku nyingi, pengine hana hata mbili. Usimbonyeze tumbo. Wala usimpe parasetamoli kwa huruma, hiyo ni sumu kwa paka. Ondoka sasa.

Mfupa Mbichi:
Mama, mpeleke. Hata mimi ningempeleka. Matone yatasubiri.

Pilipili Manga:
"Matone yatasubiri." Wakuu, naomba hii ihifadhiwe.

Mfupa Mbichi:
Hifadhi. Sijawahi kusema homeopathia inazibua bomba. Unanilisha maneno kama unavyolisha wanyama wako pakiti.

Mama Simba:
Tumefika. Wamemlaza, wametia mpira wa mkojo. Mkojo una damu na kama mchanga mchanga. Daktari anasema tungengoja hadi kesho tungempoteza. Ameuliza anakula nini, nikamwambia chakula kikavu cha pakiti, na maji hanywi sana.

Mfupa Mbichi:
KIKAVU! Nilisema nini? Nilisema nini mimi?

Binti Nyau:
Ulisema mbwa mwitu hana jiko. Ila hapo kwenye ukavu nakupa nusu. Paka hana kiu ya kutosha, maji yake mengi anayatoa kwenye chakula. Mimi nawapa cha mkebe, ni cha kiwandani vile vile, ila kina maji. Sasa nijibu la moyo.

Mfupa Mbichi:
Paka wangu anakula anachokula mbwa. Moyo... mara moja moja.

Binti Nyau:
Asante. Imechukua siku nzima.

Mzee Hoja:
Mama Simba, yale matone hukumpa kabisa?

Mama Simba:
Nilimpa mawili kabla sijaandika hapa.

Pilipili Manga:
Tayari, kesho tutasikia ni matone ndiyo yaliyomponya na mpira ulisindikiza.

Mfupa Mbichi:
Mimi sijasema. Umeanza wewe.

Mama Simba:
Siku ya tatu leo. Wametoa mpira asubuhi, na mchana huu amekojoa mwenyewe. Nimekaa kwenye korido nalia kama mtoto. Asanteni, hasa dada Binti Nyau. Sijapata nafasi ya kusoma yote, mmefikia wapi?

Kamusi Inayotembea:
Vidole vinne, mama.