Kiumbe huyu wa Mafia ni ua au mnyama, na Matema anaweza kupatikana?

Mwalimu wa Tukuyu
Ndugu zangu, nafundisha baiolojia kidato cha tatu. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda Mafia likizo kwa mjomba wake, akarudi na picha ya kitu chenye manyoya mekundu kilichojishikiza juu ya tumbawe, na tangu Jumatatu darasa limegawanyika: nusu wanasema ni ua la baharini, nusu wanasema ni mnyama. Mimi nilidhani naona kangaga la msitu wa Rungwe, lile jani changa lililojikunja ncha. Je, ni nini, na tukishuka Matema tunaweza kumwona katika Ziwa Nyasa?

Mzamiaji mstaafu, Iringa
Kamwene, mwalimu. Huyo ni mnyama, ndugu wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Mimi humwita nyota-unyoya. Mchana wengi wao hujibana katika nyufa za matumbawe, na jua likishazama hupanda juu ya mwamba na kukunjua mikono mbele ya mkondo wa maji. Mikono hiyo huanza mitano, kisha hugawanyika, hata spishi nyingine zikafikisha karibu 200. Kila mkono una vijitawi pande mbili, vyenye virija vya ute vinavyonasa planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, na chakula hupita katika mfereji wa mkono hadi mdomoni. Kiti cha pweza mdomo wake uko chini. Wa huyu uko juu, na njia ya kutolea uchafu iko juu vilevile, ila imeinuka kama kibomba ili uchafu usirudi kwenye mlo. Siku moja nilimshika mmoja, ujinga wangu tu, mkono ukakatika ukabaki umeng'ang'ania glavu yangu. Huota tena, lakini sikurudia.

Mwanakyela
Ugonile, mwalimu. Matema hamtamwona. Kundi lake zima, ekinodamata, yaani yeye, kiti cha pweza, jongoo bahari na ndugu zao, halina hata spishi moja ya maji baridi. Virija vyake huendeshwa na maji yaliyo katika mirija ya mwili, ambayo chumvi yake hukaribiana na ya bahari, naye hana figo. Angetiwa ziwani, maji yangemwingia mwilini asiweze kuyatoa, akafa. Samaki wetu wa ziwani, usipa na mbasa, wana figo za kutoa maji yanayozidi.

Mwalimu wa Tukuyu
Asanteni sana. Upande wa ua haujakubali, na umenituma niulize: kama ni mnyama, anatembea?

Mzamiaji mstaafu, Iringa
Anatembea. Chini ya mwili ana vikucha vya kushikia mwamba. Akitaka kuhama huviachia, akajivuta kwa mikono, na spishi nyingine huogelea, baadhi ya mikono ikipanda huku mingine ikishuka. Hata hivyo, akiwa mchanga huwa na shina lililoganda kwenye mwamba, na hujitenga nalo baadaye. Kwa hiyo upande wa ua usiunyime alama zote, mwalimu.