Jua la asubuhi kutoka Mlima Meru: tufanyeje ikiwa mwendo wetu haulingani?

Mgeni wa Milima
Habari zenu, ndugu. Mimi na rafiki yangu niliyesoma naye tunakusudia kupanda Meru mapema Agosti, tulione jua likichomoza tukiwa kileleni, zaidi ya mita 4,560. Tatizo ni mwendo: mwenzangu hukimbia kila asubuhi, ilhali mimi nikipanda ngazi za ghorofa ya tatu tu huanza kuhema. Naogopa nitamchelewesha, naye anyamaze kwa adabu huku moyoni akinilaumu. Je, tuondoke Saddle, kibanda cha kulala kabla ya kilele, saa ngapi, na ni vibaya nikimwambia atangulie?

Mzee wa Usa River
Kutangulia peke yake asifikirie, kwani katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha wapandaji huandamana na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Kutoka kibanda cha Saddle, yapata mita 3,570, wengi huondoka kati ya saa saba na saa nane usiku. Ninyi ombeni saa saba kamili. Msiondoke kabla ya hapo, maana ukifika kileleni gizani jasho hukupoa mgongoni na upepo hauna huruma. Alasiri ya siku mtakayofika Saddle, pandeni Meru Ndogo, kilele kidogo cha karibu, mita 3,820, kisha mrudi kulala, ili mwili uanze kuzoea hewa hafifu.

Dada wa Tengeru
Mimi sikufika kileleni, wala sijutii. Tulipopita Rhino Point, mahali palipo njiani juu ya Saddle, mwenzangu aliumwa kichwa, kisha akatapika, nasi tukageuka na kiongozi wetu bila kubishana, kwa kuwa dalili hizo si za kujikaza nazo. Mapambazuko yalitukuta nyuma ya jiwe, tukipokezana chai ya tangawizi kwa kifuniko cha chupa, maana vikombe tulivisahau kibandani. Kilimanjaro ulijitokeza mweusi juu ya mawingu, ukingo wake ukawa kama uzi wa moto, na mwenzangu, aliyekuwa akilalamika tangu saa tisa, akanyamaza. Agosti mmechagua vyema: mwanzoni mwake jua hutokea karibu kabisa na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, lakini Desemba huchomoza mbali upande wa kulia. Ila kubalianeni mapema na kiongozi ni nani atashuka na atakayeugua.

Mgeni wa Milima
Ahsanteni sana. Nimemsomea mwenzangu yote haya, naye amesema chupa ya chai ataibeba yeye, mradi vikombe nivikumbuke mimi.