Naomba ushauri: kadenza ya konseto ya fidla ya Beethoven

Wakuu, salaam. Mwezi ujao tunarekodi Konseto ya Fidla ya Beethoven (utunzi wa fidla ikiongoza mbele ya okestra), ile ya D meja ya 1806, na nimekwama kwenye kadenza ya sehemu ya kwanza, pale okestra inaponyamaza nikabaki peke yangu. Beethoven hakuacha kadenza ya fidla. Wengi hupiga ya Kreisler au ya Joachim, wapiga fidla mashuhuri wa zamani. Ila Beethoven alipoigeuza konseto hii iwe ya piano, aliandika kadenza ambamo ngoma ya timpani inaingia kuitikia piano. Hiyo naipenda mno.

Nimetunga yangu ya dakika nne. Inaanza na yale mapigo matano ya timpani yanayofungua konseto, nayapiga kwenye uzi wa D mtupu (bila kuubana kwa kidole), polepole. Nimeijaribu mara mbili mbele ya wenzangu: mwanzo unakaa vizuri, katikati inapwaya, na nikifika mwisho vidole vimechoka, sauti inakwaruza.

Je, nimwingize mpiga timpani pale katikati, au fidla ibaki peke yake? Na mliowahi kurekodi: kadenza mliipiga papo hapo na okestra, au mliirekodi kando? Anayetaka kuziona noti nitamtumia.