Waandishi wa simulizi za mapenzi, hiyo "ndoa ya mkataba" mnaifungia wapi?

Wakuu, salaam. Leo sibembelezi mtu.

Kwamba Brian na Clarisa, tuwaite hivyo wapenzi wa kila simulizi yenu, wataoana mwishoni, halina ugomvi. Anayenunua simulizi ya mapenzi kanunua na harusi yake, kama mwenda shughulini anavyojua pilau lipo. Kinachoudhi ni njia ya kufika huko. Bosi kijana wa Masaki mwenye sura ya kununa, binti fukara anayetafuta hela ya matibabu ya mama, mama mkwe na bahasha ya pesa, mpenzi wa zamani anayetua kutoka Ulaya kwenye sehemu ya 18. Mimba ya usiku mmoja nayo siku hizi lazima iwe ya mapacha. Mnaazimana daftari?

Halafu hiyo ndoa ya mkataba. "Weka sahihi hapa, mwaka mmoja, milioni 50, kisha talaka." Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 9, inaitaja ndoa kuwa muungano wa hiari unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Kabla ya kufunga bomani, msajili anapewa taarifa siku 21 mapema, inatangazwa, na mwenye pingamizi analileta. Talaka je? Kifungu cha 100 hakiruhusu kuiomba kabla ya miaka 2 ya ndoa mpaka mahakama itoe kibali, na kwa kawaida shauri haliendi mahakamani kabla ya kupita baraza la usuluhishi. Sasa mwandishi mwenye akili angeona hapo dhahabu. Siku 21 tu ni sehemu tano nzima: dada wa kazi kaliona tangazo, shangazi kapanda basi kutoka Singida na pingamizi lake mkobani. Na hebu wawazie hao wawili mbele ya baraza, wanaulizwa ndoa imeharibikia wapi, kila mmoja anatunga uongo, na katikati ya kutunga wanagundua wanajuana kuliko walivyodhani. Mapenzi yanaanzia hapo! Ninyi mnatuandikia "baada ya mwezi mmoja walipeana talaka," mnasonga mbele.

Kipimo cha DNA ndiyo balaa. Mama mkwe anaokota unywele kwenye mto, anampa daktari rafiki yake, jioni majibu mezani. Unywele uliokatika bila mzizi mara nyingi haufai kwa kipimo cha baba. Tena kwa Tanzania kazi hiyo iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, na maombi hupitia watu kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Maana yake Brian itabidi amwombe Clarisa waende pamoja, na mtoto, wakakae benchi moja wakisubiri kuitwa. Mnatunyima benchi hilo mnatupatia unywele.

Kupoteza kumbukumbu sitaki hata kuchelewa nako. Mtu aliyegongwa kichwa kwa kawaida husahau saa au siku za karibu na ajali. Shujaa wenu anamsahau mke peke yake, namba ya siri ya benki anaikumbuka.

Chanzo kinajulikana: simulizi inauzwa kwa vipande, kwa hiyo kipande kinavutwa kama mpira wa manati. Chukueni sehemu ya maneno 700. ILIPOISHIA imekula 120, manukato na kifua cha Brian 150, mvua 80. Hayo ni nusu, hakuna lililotokea. Mwishoni mlango unafunguliwa, "hakuamini macho yake," ITAENDELEA. Kesho tunafungua, kumbe ni dada wa kazi kaleta chai. Ukimdanganya msomaji hivyo mara tatu, mara ya nne hata aingie mzimu hashtuki.

Dawa ipo na haina gharama. Andika sehemu ya mwisho kwanza, ujue unakokwenda, uache kuokoteza ajali njiani. Kisha shika kila ugomvi wa wapenzi uulize: je, simu moja ya dakika mbili ingeumaliza? Kama ndiyo, ufute. Clarisa kumwona Brian amekumbatiwa na mwanamke ambaye kumbe ni dada wa Brian ni ugomvi wa simu moja, na mmeukalia sehemu 12. Weka jambo linalobaki palepale hata ukweli wote ukisemwa: huyu Mkristo yule Mwislamu na hakuna aliye tayari kubadili, mwalimu kapangiwa Newala kule Mtwara na mume ana duka Tandika, Dar, mkopo wa kikundi ulioandikwa kwa jina la mke. Hapo hata anayejua wataishia kuoana atakosa usingizi akijiuliza watapitaje.

Sehemu ya 1 mpaka 20 bure, kuanzia 21 mnataka buku. Haya, tutatoa. Ila kwa buku hiyo, mama mkwe mnyang'anyeni bahasha.